Nani Mwajiri wa Mama wa Mwani?

Dada mmoja kutoka mjini alikuja Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, na dodoso lake, akakaa na shangazi yangu chini ya banda la makuti. Maswali yalikwenda vizuri mpaka wakafika palipoandikwa "Jina la mwajiri". Shangazi akamtazama. "Mwajiri wangu mimi?" Yule dada akasema ndiyo mama, huyo anayekupa kazi. Shangazi akafikiri kidogo, akajibu: "Basi andika hakuna." Dada akaeleza kwa adabu kwamba programu ya kwenye simu yake haikubali nafasi iachwe wazi. Mwishowe wakaandika jina la kampuni inayonunua mwani, kampuni ambayo haijawahi kumwajiri shangazi hata siku moja, haijui kazaliwa lini, na akiugua haitajua.

Ndivyo alivyoingia kwenye takwimu za watu.

Kazi yangu ni kutafsiri, na miaka ya karibuni zimenipitia mikononi ripoti nyingi kuhusu usawa wa kijinsia kwa wafanyakazi waliomo kwenye minyororo ya ugavi ya dunia, yaani njia inayopita bidhaa kutoka kwa mzalishaji mpaka dukani. Ni ripoti nzuri, sizibezi. Lakini nyingi zinamwona mfanyakazi kama mtu mwenye lango analopita asubuhi, msimamizi anayemwita kwa jina, karatasi ya mshahara, na choo ambacho mkaguzi anaweza kukifungua akaona kama ni kisafi. Wanawake wa mwani wa Zanzibar hawana hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo wamo kwenye mnyororo huo, tena kwenye pete yake ya kwanza kabisa. Ukitaka ushahidi, geuza boksi la aiskrimu ya kutoka nje, au maziwa ya chokoleti, usome maandishi madogo. Ukikuta E407, hiyo ni karaginani, na karaginani hutolewa kwenye mwani. Ndiyo inayofanya aiskrimu isitengane na dawa ya meno ikae juu ya mswaki bila kutiririka. Siwezi kukuambia kwamba mwani wa boksi lako ulitoka Jambiani, maana Indonesia na Ufilipino huzalisha mwingi kuliko sisi. Ila wa kwetu pia huishia humo humo.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, mwani hufuata mwezi. Bamvua likifika, maji hutoka mbali mpaka mwambani, na wanawake huteremka na polo zao, yaani magunia, vigingi na kamba. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu, kamba huvutwa kati ya kigingi na kigingi, na kwenye kamba hufungwa vipande vya mbegu, kila kipande kwa taitai yake, yaani kikamba kidogo cha kufungia. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabakisha mbegu, unafunga tena. Maji mafu yakija unabaki nchi kavu unaanika, unageuza, unachambua mchanga, unatengeneza kamba zilizokatika. Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mkavu, na mnunuzi hununua mkavu. Mbichi huo huo hubebwa kutoka majini mpaka nchi kavu kwa kichwa au kwa kukokotwa, ukichuruzika maji ya chumvi.

Kufunga taitai watu huona ni kazi nyepesi kwa sababu hufanywa kwa kukaa. Nimemwangalia shangazi akiifanya. Hunyoosha miguu mchangani, kamba akaipitisha kwenye kidole gumba cha mguu ili ikazike, halafu mkono wa kushoto unashika mbegu na wa kulia unapiga fundo. Fundo likilegea, wimbi la kwanza linaondoka na mbegu. Likikaza mno, mwani unakatikia hapo hapo ukishanona. Kwa hiyo kila fundo lina kipimo chake, na kamba moja ina mafundo mengi. Ncha za vidole vyake zimepasuka mipasuko midogo midogo ambayo haifungi, kwa sababu kabla haijafunga bamvua jingine limeshafika na chumvi inaingia tena. Mgongo halalamikii sana. Analalamikia macho, kwa mwanga unaopiga juu ya maji mchana kutwa.

Bahari nayo haina habari na chungu kilichoko jikoni. Siku za bamvua maji hutoka sana kwenye saa nne asubuhi, wakati ambao nyumba yoyote ya kwetu inaanza kufikiria chakula cha mchana. Basi mama huamka alfajiri, apike kabisa, afunike, ateke maji, atoe watoto kwenda skuli, ndipo ateremke pwani. Akirudi na jua la utosini, wa nyumbani wanamngojea awapakulie kilichokwisha pikwa. Sikumbuki ripoti hata moja iliyohesabu saa hizi. Zinahesabu saa za "uzalishaji", yaani zile alizokaa majini.

Kilimo hiki si cha kale. Mwani wa kuokotwa ufukweni uliwahi kuuzwa nje miaka mingi, lakini mwani wa kupandwa ulianza kwa biashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Nyuma ya jambo hilo kulikuwa na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa ameufuatilia mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Kabla ya hapo, kazi ya fedha ya mwanamke wa upande huu wa kisiwa ilikuwa makumbi ya nazi: unayafukia pwani miezi kadhaa, unayafukua yananuka, unayapiga kwa gongo, unasokota usumba. Au kuchokoa pweza. Mwani ulipokuja, wanaume nao waliingia. Walipoona bei haipandi, wengi wao wakatoka, wakarudi kwenye uvuvi, wakaenda mjini, na hoteli zilipoanza kujengwa wakaenda kwenye hoteli. Wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba takriban 8 katika kila 10 ni wanawake.

Nisipoieleza furaha ya miaka ile nitakuwa nimedanganya. Fedha za mwani ziliingia mkononi mwa wanawake ambao walikuwa hawajawahi kushika noti bila kuipokea kwa mtu. Nyumba za udongo zilipata matofali, makuti yakawa bati, watoto wakapata sare za skuli. Upatu ukanoga. Wanaume walionung'unika kwamba wake zao wanashinda baharini walinyamaza walipoona kabati la vyombo limeingia ndani. Mama yangu mdogo alijenga vyumba viwili kwa mwani, na mpaka leo akigombana na mtu hutaja kwanza kwamba nyumba hii ni yake.

Hilo la mali lina mizizi kwenye dini yetu. Chumo la mke ni lake, na matunzo ya nyumba ni wajibu wa mume. Hiyo ndiyo sheria. Mazoea yamekwenda njia nyingine: fedha za mwani zilipoanza kuonekana, wapo wanaume waliopunguza kidogo kidogo. Leo hakuacha hela ya mchele kwa sababu "si umeuza jana?" Kesho daftari za watoto. Hakuna ugomvi wala talaka, mzigo umehama tu taratibu kutoka bega hili kwenda bega lile.

Sasa njoo kwenye bei. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba kampuni inaleta kamba na taitai, nawe unaiuzia kampuni hiyo hiyo. Hakuna fedha iliyokopwa, hakuna karatasi iliyosainiwa, lakini ukimuuzia mwingine unaonekana umemwibia aliyekupa kamba. Bei hutajwa tu siku ya mizani, na unayoikuta ndiyo hiyo. Msimu ukiharibika kwa dhoruba au ugonjwa, hasara ni yako. Mvua ikinyesha mwani ukiwa juani, hasara ni yako. Polo likiwekwa kwenye mizani, karani anaweza kukata kilo kwa ajili ya mchanga na unyevu, na kipimo cha kukata hicho ni jicho lake. Msituni mwa kanuni za maadili ambazo makampuni makubwa huchapisha, mtu wa namna hii huitwa mjasiriamali. Ni mjasiriamali ambaye hachagui mteja, hapangi bei na hana mizani.

Wakati mmoja nilimuuliza karani wa ununuzi, kijana mpole tu, kwa nini bei haipandi wakati kila kitu dukani kimepanda. Hakunificha. Alisema soko la nje ndilo linaloamua, Indonesia ikivuna sana bei inashuka, na hayo ni kweli. Kisha akaongeza, kama mtu anayenituliza: "Halafu hawa mama wanajisaidia tu. Wana waume zao."

Niliyarudia maneno hayo kichwani njia nzima ya kurudi mjini. Yule kijana alikuwa amenieleza kitu ambacho ripoti zangu hazikukigusa. Bei ya kilo ya mwani imewekwa juu ya dhana kwamba kuna mwanamume mahali fulani anayelipia wali. Kama si dhana hiyo, bei ile isingekaa miaka yote hii, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuishi kwayo peke yake. Wanaume waliijaribu wakaona haiwatoshi wakaondoka, na walikuwa na pa kwenda. Hivyo zao likabaki kwa watu wasio na pa kwenda, na likawa rahisi kwa sababu limebaki kwao. Bei inamtegemea mume, mume anautegemea mwani, na mama yuko katikati akifunga taitai. Mjane na aliyeachwa hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo, nao Jambiani si wachache.

Ndiyo maana sioni semina za usawa zikifika tunapotaka zifike. Sizipingi. Penye kiwanda zina kazi kubwa. Maseru, Lesotho, mwaka 2019, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba wasimamizi katika viwanda vya kampuni ya Nien Hsing walikuwa wakiwalazimisha wanawake ngono ili wasipoteze kazi, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya wanawake vilisaini mikataba pamoja na wanunuzi wa nguo zake, Levi Strauss, Kontoor na The Children's Place. Mikataba ile ilikuwa na meno: kiwanda kikikiuka, mnunuzi anapunguza oda. Na kikaundwa chombo huru cha kupokea malalamiko, nje ya mamlaka ya wasimamizi. Nadhani ni moja ya mambo mazuri yaliyotokea kwenye biashara ya nguo barani Afrika. Lakini angalia ilisimama juu ya nini. Kulikuwa na jengo, orodha ya wafanyakazi, vyama vya kukaa mezani, na majina ya suruali yanayojulikana dunia nzima, yenye aibu ya kuogopa. Nani ataiaibisha E407?

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2019, ulijaribu kuziba pengo hili upande wa ukatili na unyanyasaji: unamlinda mtu anayefanya kazi bila kujali ana mkataba au hana, mjini au shamba, sekta rasmi au isiyo rasmi. Shangazi yumo humo kwa maneno yenyewe. Sheria za Ulaya za kufuatilia minyororo ya ugavi zina tabia tofauti. Ya Ujerumani, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliitaka kampuni imwangalie kwa karibu muuzaji wake wa moja kwa moja. Walio nyuma zaidi wanaangaliwa pale kampuni inapopata taarifa za kueleweka kwamba kuna ukiukwaji. Hesabu sasa. Mama anamuuzia karani, karani analeta kwa msafirishaji wa Zanzibar, msafirishaji anapeleka kwa mwenye mitambo ya karaginani, mwenye mitambo anauza unga kwa mtengeneza dawa ya meno, naye anauza kwa duka. Mwenye duka Ujerumani akimtazama muuzaji wake wa moja kwa moja anamwona mtengeneza dawa ya meno. Ili shangazi aonekane, lazima kwanza alalamike kwa mtu ambaye hajui kama yupo. Na atalalamika nini? Bei ndogo haihesabiwi kuwa ukiukwaji. Hakuna aliyempiga wala kumtukana.

Wakati hayo yakijadiliwa huko, bahari imehama. Zamani zilipandwa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, mara nyingi maradufu ya mwenzake, kwa sababu karaginani yake hugandisha vizuri zaidi. Lakini haivumilii maji ya moto. Kuanzia miaka ya 2000 ilianza kufa upande wa mashariki wa Unguja: inabadilika kuwa nyeupe, inalainika, inakatika, asubuhi unakuta kamba tupu. Sasa sehemu kubwa ya wakulima wamebaki na spinosamu, yaani kazi ile ile kwa bei ya chini zaidi, na hata hiyo huungua kwenye maji mafupi ya miezi ya joto kali.

Dawa inajulikana. Dkt. Flower Msuya, ambaye amefanya utafiti wa mwani Zanzibar kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kotonii inaweza kuota kwenye maji ya kina, ambako ni baridi zaidi, ikiwekwa ndani ya mirija ya neti badala ya kufungwa kwenye kamba za vigingi. Ni jambo zuri na nalitakia heri. Ila kina maana yake ni boti, na boti kwetu ni ya mwanamume. Maana yake pia ni kujua kuogelea, na wengi wa hawa mama waliozaliwa hatua mia moja kutoka baharini hawajafundishwa kuogelea, kwa sababu msichana kuoga baharini hadharani ilikuwa si heshima. Wamefanya kazi majini maisha yao yote, maji yakiwa kiunoni. Yakifika shingoni kazi inahamia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo tunaweza kabisa kuliokoa zao na kuwapoteza wakulima, na kwenye takwimu itaonekana kama mafanikio: tani zimepanda, bei imepanda. Nani aliyepanda boti haitaandikwa.

Serikali ya Zanzibar, kwenye mambo yake ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, imekuwa ikigawa boti kwa vikundi vya mwani. Swali langu kwa kila kikundi ninachokutana nacho huwa ni la kimbea: ufunguo wa injini unalala nyumba gani? Mara nyingi jibu linakuja na kicheko. Boti ni ya kina mama, katibu ni mama, mweka hazina ni mama, na nahodha ni kaka wa mtu ambaye akienda kuvua na boti ile hakuna wa kumuuliza. Kuna vikundi vilivyotatua hili kwa kumpeleka binti mmoja kujifunza kuendesha injini. Naona fedha za semina moja ya usawa kwenye hoteli zingesomesha mabinti kadhaa wa namna hiyo, na masomo ya kuogelea yakabaki na chenji.

Kuhusu sabuni nitasema kwa ufupi, maana ndiyo hadithi ambayo kila mgeni anarudi nayo. Vikundi vya Paje na kwingineko husaga mwani wakatengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka, hata jamu, na kipande kimoja cha sabuni kwa mtalii huuzwa bei ambayo kilo moja ya mwani mkavu haiikaribii. Kina mama waliomo wana mshahara au mgawo unaoeleweka. Lakini watalii hawawezi kuoga sabuni zote za wakulima 20,000, na sehemu kubwa ya mwani wetu hutoka Pemba, ambako watalii hao hata hawafiki. Halafu watalii wa Paje wamekuja na tiara zao zinazowavuta juu ya maji, wanapita juu ya kamba za watu. Kamba ikikatwa hakuna ofisi ya kushitaki, na hoteli nyingine haipendi kuona mwani umeanikwa mbele ya viti vyake.

Tumaini langu kubwa kidogo lipo Chamanangwe, Pemba, ambako Serikali imeelekeza kiwanda cha kusindika mwani chini ya kampuni yake. Kikifanya kazi sawasawa, sehemu ya thamani itabaki hapa. Kitakuwa na lango, na orodha, na karatasi za mshahara, kwa hiyo zile ripoti zangu zitapata pa kushika. Naogopa jambo moja tu, kwamba tutawakuta vijana wa kiume kwenye mitambo na kina mama kwenye kuanika, kila mmoja na bei yake ya zamani. Hilo linazuilika sasa, wakati nafasi bado zinaandikwa.

Na kwa Jambiani, shangazi na wenzake hawangojei kiwanda. Waliandika barua fupi kwa mnunuzi wao, yenye mambo mawili. La kwanza, mizani iwekwe uwazini, isomwe kwa sauti, na kilo za kukatwa zikubaliwe kabla polo halijashushwa. La pili, bei itangazwe siku mbegu zinapofungwa, ili mtu ajue wiki sita mapema kama ajitose au abaki na ukili wake nyumbani. La mizani walilipata bila mvutano mkubwa. Sasa msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne anakaa kando ya karani na daftari la kikundi, anaandika kila polo na kila kilo iliyokatwa, na kilo zinazokatwa zimepungua. La bei, karani alisema inatoka mjini. Mjini walisema inatoka Ulaya. Shangazi ameniomba nimtafutie anuani ya huko Ulaya, niitafsiri ile barua, na nisiilainishe.